Mgeni na Mumiani: Ubora na Udhaifu wa Carmilla mbele ya Msomaji wa Kiswahili



Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikikusanya msamiati wa wavuvi kisiwani Songo Songo, mkabala na pwani ya Kilwa. Jioni moja wenyeji wangu walinitaka niwalipe kwa hadithi. Niliwasimulia kisa cha msichana aliyeishi na baba yake katika kasri la upweke. Gari la farasi likapinduka karibu na lango, wakampokea mgeni. Mgeni akampenda mno msichana yule, naye akaanza kudhoofika usiku baada ya usiku. Kijana mmoja akasema kwamba mgeni huyo bila shaka alikuwa bwana mjanja. Nikamjibu kwamba alikuwa msichana. Pakawa kimya. Kisha bibi mmoja akauliza: “Mwalimu, na aliyemkaribisha ni nani?”

Kosa la kijana na swali la bibi ndivyo vilivyouzaa mhadhara huu.

Kisa chenyewe ni Carmilla, riwaya fupi ya Joseph Sheridan Le Fanu, mwandishi wa Dublin. Ilichapishwa kwa sehemu jaridani mwaka 1871 na 1872, miaka 25 kabla ya Dracula ya Bram Stoker. Riwaya nyingi za kutisha wanazoandikiwa vijana leo kuhusu wasichana wapendanao zinachota katika kisima hicho. Mwaka 2014, huko Kanada, kisa hicho kilihamishiwa chuo kikuu katika mfululizo wa video.

Ubora wake wa kwanza ni sauti. Laura, aliyekuwa na umri wa miaka 19 wakati wa tukio, anasimulia mwenyewe baada ya miaka mingi. Anakiri kwamba alivutwa na mgeni na papo hapo akachukizwa naye. Kinachotisha zaidi si damu, bali ni mtu kutoujua moyo wake mwenyewe.

Ubora wa pili umo katika majina: Mircalla, Millarca, Carmilla. Mnyonya damu huyu aweza kubadili nchi na karne, lakini herufi za jina lake hawezi kuzikimbia. Siri imefichwa katika tahajia.

Sasa tuitazame lugha yetu. Katika neno “alimpenda”, viambishi a- na -m- havitaji jinsia, ilhali Kiingereza huifichua karibu katika kila sentensi. Kijana wa Songo Songo hakuwa mzembe. Sarufi ilimwachia nafasi, naye akaijaza kwa mazoea. Mfasiri wa Kiswahili basi ana uwezo wa pekee: msomaji aweza kuyaona mapenzi kabla ya kuwahukumu wenyewe. Lakini akiuficha ukweli hadi mwisho, atakuwa amekigeuza kisa kuwa kitendawili. Nakiri kwamba jioni ile nilifanya hivyo hasa.

Mfasiri pia atashawishika kumwita Carmilla mumiani. Neno hilo lenye asili ya Kiajemi lilitaja kwanza dawa nyeusi ya kutibia mifupa iliyovunjika, kisha likawa jina la watu wanaodhaniwa kuwanyonya wengine damu. Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alichunguza uvumi wa namna hiyo wa enzi ya ukoloni, ambao mara nyingi uliwahusisha wafanyakazi wa zimamoto. Mumiani basi ni mtu baki, ajaye kwa nguvu na kwa niaba ya wakubwa. Carmilla hakuja hivyo. Laura mwenyewe alimsihi baba yake amkaribishe. Sisi husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni anakuja na mwenyeji anaugua. Bibi yule aliliona hilo upesi kuliko wahakiki wengi.

Na udhaifu? Sehemu ya mwisho inatekwa na wazee. Jenerali na baroni wanaeleza, maofisa wanafukua kaburi, na usimulizi unageuka ripoti. Laura, aliyetufikisha hapo, hayupo kaburini wala hana neno juu ya hukumu. Aidha, mwandishi hakutuachia pendo lolote kati ya wasichana hawa lisilokuwa kiu ya damu. Najua kwamba wengi ukumbini humu wana msimamo wao wa dini na wa sheria kuhusu jambo hili. Sisemi kama mtunga sheria, bali kama msomaji: kazi inayouliza swali gumu kisha ikamwondoa muulizaji ina kasoro ya kisanaa, uwe msimamo wetu wowote ule.

Hata hivyo, mwishoni kabisa Laura bado anadhani anasikia hatua nyepesi mlangoni. Wazee wamelimaliza kaburi, lakini sikio la Laura hawakuweza kuliziba. Hapo Le Fanu anajikomboa.

Kwa hiyo nawaomba wafasiri wamwite Carmilla kwa jina lililo sahihi na la kutisha kuliko mumiani, yaani mgeni. Nanyi vijana mtakaoandika riwaya za kutisha, mwacheni aliyeogopa azungumze hadi ukurasa wa mwisho.