ASKOFU, MFALME NA KURA YA SIRI
Hotuba kwa waumini na wanamageuzi wa mitaa ya Eastlands



Kila tarehe 29 Desemba Kanisa Katoliki humkumbuka Thomas Becket, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliyeuawa kwa panga ndani ya kanisa lake mwaka 1170. Siku iyo hiyo, mwaka 1992, Wakenya tulipiga kura katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu kufutwa kwa Kifungu cha 2A. Hatudhani waliopanga tarehe hiyo walikuwa wakisoma kalenda ya watakatifu!

Becket alikuwa mwandani wa Mfalme Henry wa Pili. Mfalme alipompa uaskofu mkuu mwaka 1162, alitaraji mtumishi, akapata mpinzani. Waligombania mahakama: je, kasisi aliyetenda jinai aadhibiwe na mfalme, au na Kanisa peke yake? Becket alikaa uhamishoni Ufaransa miaka sita, akarudi kufa. Sisi mawakili twaustahi ushujaa wake, lakini kesi yenyewe yatutia mashaka. Muuaji ni muuaji, hata akivaa kanzu.

Ndiyo sababu twapenda zaidi kumtaja askofu wa hapa petu, Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, mzaliwa wa Machakos. Alikuwa askofu wa Machakos mwaka 1969, wa Nakuru kuanzia 1971, kisha Askofu Mkuu wa Nairobi, na parokia zetu zote hizi zikawa chini yake, kuanzia 1997 hadi 2007. Alifariki mwaka 2020.

KANU ilipoamua mwaka 1986 kwamba kura ya mchujo ipigwe kwa mlolongo, Ndingi alikuwa miongoni mwa maaskofu walioupinga hadharani. Hebu fikirini mlolongo huo hapa Kaloleni au Shauri Moyo. Mpangaji wa nyumba ya Tume ya Jiji asimame nyuma ya picha ya mgombea, huku chifu akimtazama! Mwaka 1988 aliyepata zaidi ya asilimia 70 mlolongoni alipita bila kupingwa. Na mlolongo mfupi ulipotangazwa kuwa mrefu, mlalamishi angempelekea hakimu ushahidi gani? Watu walikwisha kutawanyika, na karatasi ya kuhesabu upya haikuwapo.

Viongozi wa dini walisamehewa kupanga mstari. Becket alipigania kinga ya makasisi; hawa wa kwetu walipewa kinga, nao wakaendelea kuwatetea wasio nayo. KANU iliuacha mlolongo Desemba 1990, miezi michache baada ya Saba Saba ya Kamukunji.

Kisha yakaja mapigano ya 1992, Molo na Olenguruone, ndani ya jimbo lake la Nakuru. Ndingi aliwasemea waliofukuzwa makwao, akaitaka serikali iwajibike. Wengi wao hawakupiga kura Desemba ile, kwa kuwa kadi zao ziliteketea pamoja na nyumba.