Mkataba wa Uongo: Wanawake Waliotumiwa na Jeshi Vitani

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi. Twayachapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu siku hiyo.)



Nimeombwa niseme juu ya maovu wanayotendewa wanawake na majeshi wakati wa vita. Najua wengine watauliza: jambo hili lahusu nini chama chetu? Sisi kazi yetu ni mshahara, saa za kazi na mikataba. Vema. Basi nitawaeleza habari ya mkataba, nanyi mtaamua wenyewe.

Mwaka 1942 jeshi la Japani liliiteka Burma. Jina hilo si geni kwetu, maana vijana wa K.A.R. kutoka hapa walipelekwa huko kupigana na Wajapani mwaka 1944. Mwaka ule wa 1942 mawakala walizunguka Korea, nchi iliyotawaliwa na Japani tangu 1910, wakiandika wasichana kazi. Waliwaambia kazi ni nyepesi: kuwatazama majeruhi hospitalini na kukunja bendeji. Wengi walikubali mkataba, wakapewa advansi ya yeni mia chache ya kulipa madeni ya nyumbani. Wasichana kama 800 walishuka Rangoon mwezi wa Agosti. Kazi ya hospitali haikuwapo. Walitiwa katika nyumba zilizowekwa kwa ajili ya jeshi, wakalazimishwa kulala na askari. Jeshi liliwaita "wanawake wa kuliwaza". Jina tamu juu ya jambo chungu.

Twayajua haya kwa kuwa mwaka 1944, mji wa Myitkyina ulipoanguka, Wamarekani waliwakuta wanawake 20 Wakorea wa nyumba mojawapo, wakaandika taarifa. Hebu tuitazame kama mfanyakazi atazamavyo mkataba wake. Askari wa kawaida: saa nne asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, yeni moja na nusu. Masajini: saa kumi na moja mpaka saa tatu usiku, yeni tatu. Maofisa: saa tatu mpaka saa sita usiku, yeni tano. Mwenye nyumba alichukua nusu ya mapato au zaidi, na wengi wao tena waliwauzia wanawake chakula kwa bei ya juu. Mkataba uliwafunga miezi sita hata mwaka mzima, kwa kadiri ya deni la jamaa zao. Ile advansi ndiyo iliyokuwa mnyororo.

Ndugu zangu, watu husema vita ni vita, na askari ni mwanamume. Lakini askari mlevi hapangi ratiba. Hatoi meli, haweki daktari wa kupima, wala haandiki bei ukutani. Haya hufanywa na ofisi. Nyumba hizo zilianza Shanghai mwaka 1932, zikaendelea mpaka 1945. Waliotiwa humo walitoka Korea, China, Taiwan, Ufilipino, Indonesia na kwingineko. Hata wanawake wa Kiholanzi walitolewa katika kambi za wafungwa kisiwani Java. Wengine hawakuonyeshwa mkataba wowote, walikamatwa kwa bunduki. Wanahistoria hawakubaliani juu ya hesabu: wako wasemao 50,000, na wako wasemao 200,000.

Baada ya vita wanawake hao walinyamaza karibu miaka 50. Aibu ya mtenda waliibeba watendwa. Tarehe 14 Agosti 1991 mama mmoja Mkorea, Kim Hak-sun, alisimama Seoul akasema kwa jina lake mwenyewe yaliyompata. Serikali ya Japani ilikuwa imesema kwamba hiyo ilikuwa biashara ya watu binafsi. Januari 1992 Profesa Yoshimi Yoshiaki alitoa hadharani karatasi za jeshi lenyewe. Mwaka 1993 Serikali ikakiri kwamba jeshi lilihusika, na kwamba wengi walichukuliwa bila hiari yao. Mwaka 1995 ulianzishwa mfuko, na fedha za pole zikachangwa na raia. Wanawake wengi walizikataa. Walitaka Serikali iliyokosa ilipe yenyewe, kwa sheria. Sisi twaijua tofauti hiyo: haki si sadaka.

Sasa sikilizeni jambo linalotuhusu hasa. Mwaka 1995 chama cha walimu cha Osaka, huko huko Japani, kililipeleka shauri hili kwa Shirika la Kazi Duniani, Geneva. Kilisema: Japani ilitia sahihi Mapatano Na. 29 juu ya kazi ya kulazimishwa mwaka 1932, na haya yaliyavunja. Kamati ya wataalamu ilikubali, ikasema huo ulikuwa utumwa wa kijinsia. Haikuwa na uwezo wa kuamuru malipo, lakini neno liliandikwa na halifutiki. Ni wafanyakazi waliofanya hivyo, juu ya Serikali yao wenyewe. Mapatano hayo Kenya nayo iliyakubali mwaka 1964.

Desemba 2000 vyama vya wanawake viliitisha baraza la hukumu Tokyo. Mmoja wa waamuzi wanne alikuwa Mkenya, Willy Mutunga, ambaye mwaka 2011 alikuwa Jaji Mkuu wetu. Nasi tulikuwa na sababu ya kuelewa. Wakati wa Hali ya Hatari wanawake wa Kenya nao walitendewa unyama wa namna hii kizuizini, na Waingereza hawakukiri mateso ya wafungwa mpaka mwaka 2012.

Naomba tawi lishike mambo matatu. Kwanza, mtu akija kuwaandika binti zetu kazi ya mbali na advansi mkononi, mkataba uletwe chamani usomwe kabla ya sahihi. Pili, mwanamke akisema yaliyompata, asiulizwe kwa nini alinyamaza. Aulizwe nani alimtenda, na nani alitoa amri. Tatu, neno "vita ni vita" lisisemwe tena katika mkutano wetu. Vita vina wakubwa, na wakubwa wana majina.

Umoja ni nguvu.