MWAROBAINI KATIKA TUMBAKU YETU

(Maneno yaliyosomwa na wanachama wakulima siku ya kutimiza miaka kumi)



Sisi wakulima wa tumbaku wa hapa Urambo tumepewa dakika chache tueleze habari ya dawa ya mwarobaini. Wengi wenu mnaukumbuka ule mkopo tuliochelewa kuurudisha. Leo tunasema kweli yote.

Tulisikia mwarobaini hutibu magonjwa arobaini, tukadhani na ya tumbaku yamo. Batobato ilipoingia shambani tulitwanga, tukanyunyiza, kisha tukapita shina kwa shina tukiyashikashika majani kuona kama yanapona. Wapi! Ugonjwa ukaenea mstari mzima. Kumbe batobato ni virusi visivyo na dawa, na vilikuwa vikisafiri kwa mikono yetu wenyewe.

Je, mwarobaini haufai? Unafaa, ila mahali pake. Ugonjwa wa kujikunja majani huletwa na inzi weupe wadogo sana, na hao mwarobaini huwapunguza. Twanga nusu kilo ya kokwa, loweka katika lita 10 za maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo. Nyunyiza jioni, maana jua kali huiondolea dawa nguvu. Anza kitaluni, miche ikiwa michanga. Mche uliokwisha kujikunja hauponi tena; ung'oe, uuchome moto.

Kwa batobato, dawa ni mikono safi. Nawa kwa sabuni kabla ya kugusa miche. Mvuta sigara na mnusa ugoro wasiingie kitaluni hivi hivi, kwani virusi hivyo hukaa hata katika tumbaku kavu. Ukishavuna, ng'oa masalia yote, na msimu unaofuata panda mahindi hapo. Nyanya na pilipili usipande, nazo hushikwa na ugonjwa huo huo.

Akina mama, mkopo ule tuliumaliza kwa kuuza karanga. Mlitungoja, wala hamkututangaza kijijini. Hilo hatulisahau. Kwa hiyo yeyote atakayeomba mkopo wa tumbaku msimu ujao, kabla hajajaza fomu aje kwetu tumwonyeshe kitalu. Hatutamtoza hata senti.