Paka wa Sultani: Hadithi ya Kutisha na Msomaji Anayeamini, kutoka Unguja hadi Doha

Hadithi ya kutisha humtia msomaji hofu ilhali anajua fika kwamba yeye mwenyewe hayumo hatarini. Tawi lake la kigothi huhesabiwa kuanzia The Castle of Otranto ya Horace Walpole, iliyochapishwa 1764, kisha likakuzwa na Ann Radcliffe, Mary Shelley na Bram Stoker. Alama zake zinajulikana: jumba la kale, ukoo wenye siri, kosa la waliotangulia linalowaandama waliobaki. Swali ambalo halijatendewa haki ni la msomaji anayeamini. Mtu ambaye dini yake imemfundisha kwamba majini wapo, je, husumbuliwa na hadithi ya jini kama anavyosumbuliwa asiyeamini?

Jibu linalorudiwa madarasani ni kwamba hasumbuliwi. Wanaolitoa humtegemea kwanza Tzvetan Todorov, aliyeandika mwaka 1970 kwamba fasihi ya ajabu huishi katika kusitasita kwa msomaji, anapokosa kujua kama tukio lina sababu ya kawaida au limetoka nje ya maumbile. Humtegemea pia Sigmund Freud, ambaye katika makala yake ya 1919 alisema kwamba ngano haziogofyi kwa namna hiyo, kwa kuwa msikilizaji amekwisha kukubali tangu mwanzo kwamba katika ulimwengu wake lolote linawezekana. Hoja mbili hizo zikiunganishwa, Waswahili na Waarabu wa Ghuba hubaki na hekaya za majini tu. Asiyesita, wanasema, hana ugothi.

Hoja hii ina kasoro tatu. Ya kwanza ni kuchanganya kuamini kwamba kitu kipo na kujua kiko wapi. Qur'ani ina sura nzima ya Al-Jinn, ya 72, na Mwislamu wa Doha au wa Mombasa hana shaka na viumbe hao. Shaka yake ni juu ya hodi iliyopigwa usiku huu, kwenye mlango huu. Mabaharia wa Ghuba, zama za uzamiaji lulu, walisimuliana habari za Bu Darya, kiumbe wa baharini ambaye katika baadhi ya masimulizi hulia gizani kama mtu anayezama ili apandishwe chomboni. Asiyemwamini Bu Darya hana tatizo: akisikia kilio, atatupa kamba. Anayemwamini ndiye mwenye mtihani. Akimvuta, huenda amewaangamiza wenzake wote. Akimwacha, huenda amemwacha Mwislamu mwenzake afe maji. Hapa imani imezidisha kusitasita, tena imekugeuza kuwa suala la dhamiri.

Kasoro ya pili inaonekana katika riwaya ya Kiswahili yenyewe. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilitoka 1960, baada ya kushinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki. Tajiri mwenye shamba anakutwa ameuawa mahali pa mizimu, na watu wanajua la kusema. Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, hakubaliani nao. Anachunguza hadi anafikia mkono wa binadamu na siri za ukoo. Kama hofu ingetokana na shaka juu ya mzimu tu, ingekwisha pale mzimu unapovuliwa lawama. Haikwishi. Mzimu ulikuwa na mahali pake, na watu walijua pa kupita na pa kutopita. Muuaji aliyetoka miongoni mwa watu hana mpaka huo. Radcliffe naye alikuwa na desturi ya kuyafumbua maajabu yake mwishoni kwa sababu za kawaida, na hakuna aliyemnyima nafasi katika ugothi kwa hilo.

Kasoro ya tatu haihitaji maneno mengi. Dracula ya 1897 imejaa misalaba na mkate uliobarikiwa, na silaha hizo zina maana kwa anayezitambua. Ugothi wa Ulaya wenyewe uliandikiwa watu waliokwenda kanisani. Kuwadai Waislamu wa pwani ukanaji ambao wasomaji wa Stoker hawakudaiwa ni kupima kwa mizani mbili.

Hadithi inayoeleza vizuri zaidi chanzo cha hofu hii ni ya Sultani Majnuni, iliyoandikwa na mmisionari Edward Steere kutoka kwa wasimulizi wa Unguja na kuchapishwa London mwaka 1870. Sultani ana paka. Paka anamkamata ndama. Watu wanakwenda kushtaki, na Sultani anajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Anakamatwa mbuzi, jibu ni lile lile. Wanafuata wanyama wakubwa, kisha mtoto wa mtu, kisha mtu mzima, na kila mara hesabu ya Sultani inatimia: muuaji ni mali yake na marehemu ni mali yake, basi hakuna kilichopotea. Paka anahamia vichakani, anakua, anawavizia wapita njia. Sultani anafumbuka macho siku wanapouawa wanawe mwenyewe. Hapo ndipo anapokiri kwamba huyu si paka tena. Huyu ni Nunda, mla watu.

Ufundi wa hadithi hii umo katika marudio. Msikilizaji anajua jibu la Sultani kabla halijatolewa, na kulijua hakumpi nafuu. Kila jibu ni halali kwa sheria ya nyumba ile, na kila moja linaruhusu kifo kikubwa zaidi. Sehemu ya pili inaendeleza mbinu hiyo kwa upande wa pili. Mwana mdogo wa Sultani, aliyedharauliwa kwa kukaa jikoni, anaingia mwituni kumtafuta Nunda, na kila anapoua mnyama, mbwa, ngawa, punda milia, twiga, hata tembo, anamletea mama yake, naye anamwambia kwamba bado hajampata. Kijana anawinda asichokijua, ilhali kililelewa kwao. Hakuna mahali popote katika hadithi panapoulizwa kama Nunda yupo. Freud na Todorov hawana cha kufanya hapa, na bado nywele husimama.

Mwandishi wa mhadhara huu aliisimulia jioni moja jijini Doha mbele ya Wakenya na Watanzania, wengi wao walinzi, madereva na wafanyakazi wa majumbani. Hakuna aliyeulizia ukubwa wa mnyama. Mzee mmoja wa Kipemba aliuliza, "Sasa mwalimu, wazee wa baraza walikuwa wapi siku zote hizo?" Wanaoishi katika nyumba za watu wengine walikuwa wamekwisha kuelewa.

Doha si mahali pa kigeni kwa hadithi hiyo. Katika uchumi wa lulu mzamiaji aliishi kwa mkopo wa nahodha, na deni lake liliweza kumwangukia mwanawe. Ugothi huita hali hiyo laana ya ukoo. Mtaani Msheireb ipo nyumba ya Bin Jelmood, makumbusho ya utumwa katika Bahari ya Hindi yaliyofunguliwa 2015, ambamo habari za Waafrika waliovushwa hadi Ghuba zimewekwa ndani ya nyumba ya makazi, yenye ua na vyumba. Qatar ilipiga marufuku utumwa mwaka 1952. Upande wa pili wa bahari, soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, na Steere yule yule aliyeikusanya hadithi ya Nunda akasimamia ujenzi wa kanisa kuu la Mkunazini mahali pa soko hilo. Wasimulizi wake waliishi katika mji ambamo binadamu kumilikiwa na mwenziwe lilikuwa jambo la kila siku. Jibu la Sultani halikuwa njozi kwao.

Ziko hadithi zinazoonekana kupinga maelezo haya, kwamba cha kutisha hulelewa nyumbani. Mwanamke-punda wa adhuhuri, anayetajwa kwa watoto wa Ghuba, kazi yake ni kuwazuia wasitoke juani. Popobawa, aliyewafanya watu wa Pemba na Unguja walale nje kwa makundi mwaka 1995, huja kutoka giza la nje. Lakini simulizi mojawapo ya asili yake husema kwamba shehe mmoja alimtuma jini kuwalipizia kisasi majirani, kisha akashindwa kumrudisha. Hata huyo, basi, ana mwenyewe.

Hofu ya hadithi za pwani na Ghuba hutokana na kiumbe mwenye mlezi, na humsumbua msomaji kwa sababu inamuuliza yeye anamtetea nani. Kwa hiyo somo la fasihi ya kutisha katika vyuo vyetu lianze na Sultani Majnuni. Walpole atafuata kwa zamu yake.