GPS haijui njia: mazungumzo na wanachama, Baraka

(Maneno haya yalisemwa katika mkutano wa mwezi wa chama chetu. Tunayaandika karibu sawa vile yalivyosemwa, kwa sababu wengi waliomba wayasome tena nyumbani.)

 

Niliombwa niseme kidogo juu ya hizi GPS mbili ambazo chama kimepata. Nasikia kuna watu wamekwisha kuziogopa. Mama mmoja aliniuliza jana kwenye soko kama ni kweli kwamba ukiwa na hii mashini mkononi, wazungu wanakuona kule uliko. Mwingine akasema ni ya kutafuta dhahabu. Tuanze hapo, kisha tutaingia kwenye kazi yenyewe.

GPS ya mkononi ni kama radio. Radio inasikia, haisemi. Juu mbinguni, kilomita karibu 20,000 kutoka hapa tulipokaa, kuna satelaiti zaidi ya 24 ambazo Wamarekani walizitupa huko, na kila moja inapiga saa yake bila kunyamaza: niko hapa, na saa ni hii. Mashini yako inasikiliza, inapima sauti ya kila satelaiti imechukua muda gani kufika, na kwa muda huo inajua umbali. Ikisikia nne, inaweza kukuambia umesimama wapi na kwa urefu gani. Ni hivyo tu. Haitumi kitu, haihitaji rezo, haihitaji kununua uniti, na dhahabu haiioni hata ukiikalia.

Lakini mtu akikuona kwenye kilima unatembea huku unatazama kitu kidogo mkononi na kuandika kwenye kaye, yeye hajui hayo yote. Kwa hiyo sheria ya kwanza haiko ndani ya mashini. Unapita kwanza kwa chefu wa kijiji, unasema unakwenda wapi na unatafuta nini. Kama kuna askari njiani, unawaonyesha kabla hawajakuuliza. Na pale walipo askari huweki alama yoyote. Mimi nimewahi kukalishwa chini ya mwembe tangu saa tatu asubuhi mpaka jioni kwa sababu niliona uvivu wa kupita kwa chefu. Hakuna aliyenipiga, lakini kazi ya siku ile ilikufa.

Sasa, namna ya kujifunza. Nilipomaliza univerasiti nilifikiri naijua GPS, kwa sababu tulisoma ramani darasani. Niliijua kwenye ubao. Siku ya kwanza mlimani nilikuwa na mzee mmoja mwanachama wetu, aliyerudi kutoka Tanzania, anatafuta mahali palipokuwa kijiji chao kabla ya kukimbia mwaka 1996. Sitamtaja jina, yuko hapa leo na ameniruhusu niseme.

Nilifungua mashini nikiwa ndani ya nyumba, nikaanza kulalamika kwamba imekufa. Haikuwa imekufa. Inataka kuona mbingu. Chini ya bati haisikii vizuri, chini ya miti mizito ya msitu inasikia nusu, na ndani ya bonde lenye kuta za mawe inaweza kukudanganya mita nyingi. Tena ikiwa imelala kwenye sanduku miezi mingi, au imeletwa kutoka mbali, siku ya kwanza inaweza kuchukua dakika 10 hata 15 kujitafuta. Unaiweka mahali pa wazi, unaiacha, unakunywa maji. Mahali pa wazi kosa lake linakuwa kama mita 5 au 10. Kwa kutafuta chemchemi, mita 10 si kitu. Kwa kugombana na jirani juu ya mstari wa muhogo, mita 10 ni vita. Shikeni hilo, nitalirudia.

Kisha tukaanza kutembea, na mshale. Nilikuwa nimeweka alama ya mahali ambapo mzee alifikiri ndipo, kwa kukisia kwenye ramani. Nikasimama, nikatazama mshale: unaonyesha kaskazini. Nikageuka kidogo: unaonyesha ziwani. Nikageuka tena: nyuma yetu. Mzee akauliza, "Mwanangu, mashini yako imelewa?" Nilisikia haya. Baadaye tu ndipo nilielewa: GPS nyingi za bei ndogo hazina dira ndani. Zinajua unaelekea wapi pale unapotembea tu, kwa kulinganisha hapa ulipo na pale ulipokuwa sasa hivi. Ukisimama, mshale hauna maana. Tembea hatua 20 au 30 mbele bila kukata kona, ndipo uutazame. Na sisi wa Fizi tuko na bahati: ziwa liko mashariki, milima iko magharibi. Kama mshale unakuambia mashariki na wewe unapanda mlima, simama kwanza, uwaze.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Mashini ilisema imebaki kilomita 1 na mita 200. Nikamwambia mzee, nusu saa tumefika. Mzee akatazama mbele, akakaa kimya. Tulifuata mshale, na mshale ukatupeleka moja kwa moja kwenye korongo. Tulishuka kwa kushika mizizi, tukavuka maji, tukapanda upande wa pili kwa magoti. Saa tatu. GPS inapima kama ndege anavyoruka. Haijui korongo, haijui mto uliojaa, haijui shamba la mtu. Njia haiijui kabisa. Inajua hapa na pale tu, katikati ni kazi yako. Nilimuuliza mzee kwa nini hakunizuia. Akasema, "Nilifikiri mashini inajua njia mpya."

Tangu hapo nafanya hivi. Kabla ya kuondoka naweka alama mahali tunapoanzia, kila mara, hata kama ni mlango wa nyumba yangu. Nawasha ile kazi ya kuandika nyayo, ambayo inachora njia yote tuliyopita kama siafu wanaofuatana. Kwenda, naongozwa na wenyeji. Kurudi, kama ukungu umeshuka au usiku umetukuta, nafuata nyayo zetu wenyewe, sifuati mshale. Hiyo njo faida kubwa ya hii mashini kwangu: kukurudisha kwenye njia ambayo miguu yako imekwisha kuikubali.

Turudi kwa mzee. Ile alama yangu ya kukisia haikuwa na kitu, nyasi tupu. Hapo yeye akachukua uongozi. Alitafuta michikichi. Akasema baba yake aliipanda kwa mstari, na michikichi ya msituni haisimami kwa mstari. Tuliiona, mirefu sana, mstari kweli. Kutoka hapo akahesabu, akatembea kama mtu aliye ndani ya nyumba yake usiku, akafika penye mawe matatu ya jiko yamefunikwa na udongo. Na nyuma kidogo, chini ya mwembe, kaburi la mama yake. Yeye hakuwapo alipozikwa, lakini alikuwa ameelezwa.

Tulikaa. Baadaye nikabonyeza kuweka alama. Mashini inatoa namba yenyewe, ikaandika 042. Mzee akauliza imeandika nini. Nikamwambia. Akasema, "Mama yangu si 042. Andika jina lake." Kwenye hizi mashini kuandika herufi ni kazi, unatafuta moja moja kwa kitufe. Niliandika lote. Na tangu siku ile siachi alama na namba tupu, kwa sababu ukirudi jioni na alama 15 hujui tena ipi ni chemchemi na ipi ni shule iliyoungua. Jina kwenye mashini, na tena kwenye kaye kwa biki: mahali gani, tarehe gani, nani alikuwapo. Mashini inaweza kuanguka majini. Kaye pia, lakini si siku moja, kama umempa mwenzako.

Mzee aliomba zile namba kwenye karatasi, awasomee kwa simu watoto wake waliobaki kambini Nyarugusu. Hapa ndipo nataka msikilize sana, hasa vijana, kwa sababu juu ya namba nimeumiza watu.

Mahali pamoja panaweza kuandikwa kwa namna tatu. Iko namna ya degre, minuti na sekunde. Iko ya degre na minuti zenye koma. Iko ya degre peke yake zenye koma. Zote ni sawa, lakini zisichanganywe. Mwaka mmoja niliandika chemchemi moja hivi: 4 12,500 kusini, 29 02,300 mashariki. Maana yake degre 4 na minuti 12 na nusu. Sikuandika neno "minuti". Kwenye bero, aliyeingiza kwenye ordinateri akasoma 4,12500 na 29,02300, degre peke yake. Yeye hana kosa, aliandika alichokiona. Lakini minuti 12 na nusu ni degre 0,208, si 0,125. Tofauti hiyo, kwenye ardhi, ni zaidi ya kilomita 9.

Waashi wakafuata namba. Watu walibeba mifuko ya simenti kichwani mpaka kwenye kilima ambacho hakina maji hata ya kunawa. Simenti moja ikanyeshewa. Wabebaji walitaka malipo yao, na walikuwa na haki. Kule kwenye chemchemi ya kweli wamama walikuwa wamekwisha kusafisha njia na kupika chakula cha wageni, wakangoja siku mbili. Walipotuona juma lililofuata hawakutupigia vigelegele tena. Mpaka leo nikipita pale kuna mama mmoja ananiita "Bwana Koma".

Basi andikeni degre kwa neno, minuti kwa neno, na kusini msiisahau. Ukisahau kusini, kompyuta inafikiri ni kaskazini, na chemchemi yako ya Fizi inajikuta pande za Dungu na mbuga ya Garamba, zaidi ya kilomita 900 kutoka hapa. Kisha msomee mwenzako kwa sauti, naye akusomee tena. Na njia ya kujipima: minuti moja ya kwenda kusini au kaskazini ni karibu kilomita 1 na mita 850. Kama kijiji ni mwendo wa saa mbili na namba zinaonyesha tofauti ya minuti 20, kuna mtu amekosea.

Juu ya urefu sitasema mengi, msiutegemee. Ziwa letu liko karibu mita 770 juu ya bahari. Simama ufukweni na utaona mashini inasema 750, baadaye 795, na ziwa halijaondoka.

Sasa neno gumu. Wengine mmenijia kwa siri mkitaka nipime mashamba yenu mlioyaacha, ili mpeleke namba mahakamani. Nitapima mkitaka, lakini GPS inasema wapi, haisemi ya nani. Shamba la yule mzee leo linalimwa na watu wengine, wamezaa pale, wamezika pale. Mzee na wao wamekaa mbele ya chefu mara tatu sasa, na wazee wanaokumbuka mipaka wameitwa. Kitu kimoja kimekubaliwa, kaburi haliguswi na njia ya kulifikia inabaki wazi. Namba zilisaidia hapo, kwa sababu zilionyesha kaburi liko wapi bila kubishana. Mengine bado. Tukianza kupima kwa siri, upande mmoja tu, tutawasha moto ambao chama hiki hakitauzima. Tutapima pande zote mbili zikiwapo, au hatupimi.

Wafadhili wetu, asante kwa mashini. Tunachokosa ni mawe ya radio. Kila moja inakula mawili, na yale ya bei rahisi ya hapa sokoni hayamalizi siku. Mkituletea yale ya kuchaji pamoja na chaja ya jua, tutawaletea alama nyingi kuliko ripoti.

Kwa wanaotaka kujifunza: Jumamosi, saa moja asubuhi, tukutane kwenye uwanja wa mpira, si ndani ya ofisi. Watu sita kwanza, watatu kwa kila mashini, na nataka wamama watatu kati yao, kwa sababu njo wao wanajua chemchemi. Leteni kaye, biki, maji, na viatu vya kupanda. Mzee ataficha panga lake mahali fulani na kunipa namba tu, ninyi mtalitafuta. Amesema asiyeliona atalinunua jipya.