Namba 61,741,120

Nimeombwa niseme machache juu ya hisabati, nami nimechagua namba moja tu: 61,741,120. Ndiyo idadi ya watu wa Tanzania katika Sensa ya mwaka 2022. Sisi wa Katoro tumo humo ndani.

Kwanza tuivunje. Ni 2 mara sita, kisha 5, 7, 43 na 641, zote zikizidishwa. Zote ni namba tasa. Hiyo 641 ina sifa yake. Fermat, Mfaransa, alidhani 4,294,967,297 ni namba tasa. Mwaka 1732 Euler akaonyesha kuwa inagawanyika kwa 641. Kuikuta katika sensa yetu ni bahati tu. Angehesabiwa mtu mmoja zaidi, vigawo hivyo vyote vingetoweka, hata 2 isingebaki.

Lenye faida ni jingine. Bara walikuwa 59,851,347, Zanzibar 1,889,773. Je, jumla ni sahihi? Jumlisha tarakimu, ukitoa tisa tisa. Bara hubaki 6, Zanzibar 7. Pamoja 13, yaani 4. Jumla kuu tarakimu zake ni 22, yaani 4. Zimekubaliana.

Lakini msiridhike upesi! Karani akiandika Zanzibar 1,898,773, tisa haimkamati, kwa kuwa tarakimu ni zile zile, zimebadilishana nafasi tu. Kumbe ameongeza watu 9,000 wasiokuwapo, nao watapangiwa madarasa na dawa.

Hapo tumieni 11. Anzeni kulia: tarakimu ya kwanza mnaihesabu, ya pili mnaitoa, ya tatu mnaongeza, hivyo hivyo hadi mwisho, mkipata hasi, ongezeni 11. Bara ni 6, Zanzibar 6. Pamoja 12, toa 11, baki 1. Jumla kuu nayo ni 1. Zanzibar ya karani ni 8. Ukiongeza 6 ni 14, baki 3. Amekamatwa.

Msidhani ni mchezo. Hapa hapa Katoro nilipata kumwona kijana wa dukani akidaiwa upungufu wa Sh. 27,000, na watu wamekwisha kumwita mwizi. Nikaona 27,000 inagawanyika kwa 9, nikaomba daftari. Mauzo ya Sh. 36,000 yalikuwa yameandikwa 63,000. Fedha zote zilikuwamo sandukuni. (Kalkuleta ilikuwapo mezani, ilijumlisha vizuri kabisa kile ilichopewa.)

Nawaachieni vijana kazi. Sensa hiyo ilihesabu wanawake 31,687,990 na wanaume 30,053,130. Hakikini kwa 9, kisha kwa 11, kabla ya kengele ya chakula.