Usiku wa Mgonjwa: Kutafakari na Kutuliza Pumzi kama Msaada kwa Wanaoishi na Saratani, Fizi na Baraka

Mada ya semina ya wauguzi, wahudumu wa afya wa jamii, viongozi wa dini na walinzi wa wagonjwa

1. Utangulizi



Kila asubuhi, huku kwetu mashariki mwa Kongo, kutoka Mboko hadi Baraka na kupanda mpaka Fizi, watu huulizana, "Umelalaje?" Mzima hujibu "vizuri" na kushika njia yake. Mgonjwa wa saratani, yaani kansere kama tunavyoiita huku, naye hujibu "vizuri", kwa kuwa adabu ndivyo inavyotaka. Lakini hakulala. Aliziangalia taa za wavuvi wa ndakala, wale samaki wadogo, ziwani, akasikia maumivu yakipanda, akawaza pesa za safari, akawaza watoto, akawaza kifo. Kulipokucha, mwili ulikuwa umechoka kuliko ulipojilaza.

Mada yangu inahusu usiku huo. Hoja yangu ni moja: kutafakari hakuponyi saratani, na asitokee mtu wa kusema kunaponya. Lakini mgonjwa aliyepewa dawa ya maumivu, aliyeelezwa ukweli wa hali yake, kisha akafundishwa kutuliza pumzi na moyo wake, huuvuka usiku kwa namna nyingine. Msaada huo tunaweza kuutoa hapa hapa, kuanzia wiki hii.

2. Malengo ya mada

Tukimaliza, kila mshiriki aweze kufanya mambo matatu: kueleza kutafakari ni nini kwa maneno ambayo mama wa sokoni atayaelewa, kumwongoza mgonjwa kwa dakika 10 bila kumdhuru, na kujua ni wakati gani wa kuacha pumzi na kukimbilia dawa au rufaa.

3. Maana ya maneno

Tutofautishe kuwaza na kutafakari. Kuwaza humzungusha mtu, kutafakari humkalisha. Mgonjwa anayewaza hurudia swali lile lile mara mia bila jibu. Anayetafakari hukaa kimya kwa makusudi, huielekeza akili kwenye kitu kimoja, iwe pumzi, neno au sauti ya mawimbi, na kila akili inapopotea huirudisha polepole bila kujilaumu. Huko kurudisha ndiko kazi yenyewe. Mtu asidhani ameshindwa kwa sababu akili ilitoroka mara 20. Ameirudisha mara 20.

Neno la pili ni maumivu. Cicely Saunders, aliyefungua hospitali ya St Christopher's mjini London mwaka 1967 kwa ajili ya wagonjwa wasio na tumaini la kupona, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa namna hiyo yana pande nne: mwili, nafsi, jamii na roho. Mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi anaumwa kiuno. Anaumwa pia na aibu ya harufu, na ukimya wa mume aliyehamia chumba kingine, na maneno ya jirani kwamba amepewa sumu, na swali analomwuliza Mungu gizani. Kidonge kinafika upande mmoja tu wa maumivu hayo.

4. Hali yetu

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 50, muuza ndakala katika soko la Baraka. Anatokwa na damu miezi sita kabla ya kusema. Anaanzia kituo cha afya, anapelekwa hospitali ya rufaa, kisha anaambiwa aende Bukavu. Kwa miaka mingi Bukavu ndiyo iliyokuwa tegemeo letu: kuna hospitali kuu ya jimbo, na kuna Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999. Tangu vita vilipoifikia Bukavu Februari 2025, njia hiyo imekuwa ngumu zaidi. Wenye jamaa ng'ambo hutazama Bujumbura au Kigoma. Akihitaji matibabu ya mionzi, atasikia habari za Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na jina hilo litakuwa mbali kwake kama mwezi.

Kati ya hatua moja na nyingine kuna kungoja: kungoja majibu ya kipimo, kungoja shamba liuzwe, kungoja mvua ipungue ili barabara ipitike. Sehemu kubwa ya maisha ya mgonjwa wetu hupita katika kungoja huko, na huduma zetu hazina jina la hali hiyo. Humo ndimo kutafakari kunapopata kazi.

Tukumbuke pia kwamba mgonjwa wa Fizi haanzi kuogopa siku anapoambiwa ana kansere. Wengi wetu tumekimbia zaidi ya mara moja. Kuna waliolelewa katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, tangu mwaka 1996, wakarudi, wakakimbia tena. Kuna jirani zetu wa Burundi walio Lusenda tangu mwaka 2015. Mwili wa mtu kama huyo umezoea kukaa macho usiku. Ugonjwa unakuja kuketi juu ya woga wa zamani, na hili litabadilisha namna tutakavyomwongoza, kama nitakavyoeleza.

5. Tunajua nini kuhusu kazi ya kutafakari

Mtu akiogopa, moyo hukimbia, pumzi hufupika, misuli hukaza. Misuli iliyokaza huongeza maumivu. Maumivu huzidisha woga. Woga hukaza misuli tena. Duara hilo linaweza kukatwa mahali ambapo binadamu ana mamlaka kidogo, yaani pumzi. Pumzi ikitolewa polepole, neva iitwayo vagasi huuambia moyo upunguze mwendo, na mwili huanza kulegea.

Mwaka 1979, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo ya kutafakari kwa wagonjwa ambao maumivu yao hayakuwa yakiisha. Wahudumu wa saratani nao waliyachukua mafunzo hayo. Katika mji wa Calgary, Kanada, utafiti uliotolewa mwaka 2000 uliwafuata wagonjwa 90 wa saratani. Waliofundishwa kutafakari kwa wiki 7 walieleza kwamba usumbufu wa hisia kwa jumla, kama huzuni, hasira na wasiwasi, ulipungua kwa asilimia 65, na dalili za msongo kwa asilimia 31. Mwaka 2023, chama cha madaktari wa saratani wa Marekani, pamoja na chama cha tiba shirikishi za saratani, kilipendekeza mazoezi haya kwa wagonjwa wenye wasiwasi na huzuni, wakati wa matibabu na baada yake. Angalieni walichopendekeza: ni kwa ajili ya wasiwasi na huzuni. Hawakusema uvimbe utayeyuka.

Najua swali lililo mioyoni mwa wachungaji na maimamu waliopo: je, hii si dini ya watu wengine inayoingizwa kwa mlango wa hospitali? Swali ni la haki. Mwaka 2001 watafiti wa Italia wakiongozwa na Luciano Bernardi waliwapima watu 23 wazima walipokuwa wakisali rozari kwa Kilatini, kisha walipokuwa wakitamka maneno ya yoga. Katika hali zote mbili pumzi ilishuka hadi karibu mara 6 kwa dakika, na mapigo ya moyo yakapata mwendo mzuri. Kwa hiyo bibi wa Kikatoliki mwenye rozari mkononi, mzee wa Kiislamu anayefanya dhikri baada ya Alfajiri kwa tasbihi yake, na mama wa Kipentekoste anayerudia mstari mmoja wa Zaburi kwa sauti ya chini, wote wana mlango tayari. Kazi yetu ni kumwambia kila mmoja apite katika mlango wake, polepole kuliko alivyozoea.

6. Namna ya kumwongoza mgonjwa

Kwanza, uliza maumivu. Mwambie ayape namba, 0 hadi 10. Yakiwa makali, acha zoezi. Mpe dawa iliyoandikwa, ngoja ifanye kazi, kisha rudi. Kumwambia mtu atulie huku maumivu yanamla ni kumwonea.

Pili, mkao. Aketi kwenye kiti, kwenye mkeka akiegemea ukuta, au alale kwa ubavu usiouma. Mlinzi wake akae karibu na afanye zoezi pamoja naye, kwa sababu naye hakulala.

Tatu, macho. Usimlazimishe kufumba. Kwa aliyepita vitani, giza la macho linaweza kuleta picha asizotaka kuziona. Ayaache wazi, ayatulize juu ya kitu kimoja: mlango, mti, maji ya ziwa.

Nne, pumzi. Avute kwa pua ukihesabu polepole hadi 4, aitoe ukihesabu hadi 6. Asijaze kifua kwa nguvu. Akisikia kizunguzungu, arudie pumzi yake ya kawaida. Mwenye saratani ya mapafu au anayehema, usimpeleke kwenye pumzi kabisa. Mpe sauti ya kusikiliza, au mkono wa mlinzi wake aushike na kuuhisi.

Tano, neno. Anayetaka neno la imani yake alitamke anapotoa pumzi. Asiyetaka aseme tu, "nipo hapa".

Sita, mawazo yakija. Mwambie hivi: mama, wewe umeketi ufukweni, mawazo ni mitumbwi inayopita. Uone, ujue ni mtumbwi wa nani, uache upite. Ukijikuta umepanda, shuka, rudi ufukweni. Hakuna anayekugombeza.

Saba, kumaliza. Asugue viganja, ataje vitu vitatu anavyoviona, anywe maji. Anza na dakika 5. Baada ya wiki ziwe 10, asubuhi na kabla ya kulala.

Kuna zoezi la kuupitia mwili kiungo kwa kiungo, ambalo wengi hufundisha. Kwetu tulibadilishe. Wako wanawake waliotendewa ukatili wa kingono katika vita hivi, na wengine kati yao ndio hao hao wenye saratani ya mlango wa kizazi au ya titi. Usiielekeze akili ya mama huyo mahali palipoumizwa. Anza na miguu inayogusa ardhi, nenda kwenye viganja, ishia hapo. Akianza kutetemeka au kulia bila kuweza kunyamaza, acha, mwite kwa jina lake, mkumbushe yuko wapi na leo ni siku gani.

7. Mipaka

Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walitoa matokeo ya kulinganisha wagonjwa waliopata matibabu ya hospitali na waliochagua tiba mbadala peke yake, wakati saratani zao zilikuwa hazijaenea. Hao wa tiba mbadala peke yake walikuwa katika hatari ya kufa mara mbili na nusu zaidi. Kwa hiyo, chumba cha maombi, mitishamba au kutafakari kusimzuie mtu kwenda hospitali. Uvimbe wa titi, damu isiyo ya kawaida, kidonda kisichopona: hayo ni ya daktari kwanza. Mama anayepimwa mlango wa kizazi kwa siki mapema anaweza kuokolewa na kipimo hicho, na pumzi haiwezi kufanya kazi ya kipimo.

Vilevile, kutafakari kusiwe kisingizio cha kuwanyima watu dawa. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, akahimiza mofini ya maji ya kunywa, dawa ya bei nafuu. Kuanzia mwaka 2004 sheria ya Uganda iliwaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika. Jirani yetu ametuonyesha kwamba maumivu makali yanaweza kutulizwa kijijini. Tudai hivyo kwetu pia, kwa sauti, kila tunapokutana na wakubwa wa afya.

8. Nani afanye kazi hii

Wengine watasema hatuna wanasaikolojia. Mjini Harare, Zimbabwe, Daktari Dixon Chibanda aliwafundisha nyanya wa mtaa kuketi kwenye benchi na watu waliosumbuliwa na ugonjwa ambao Washona huuita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosikilizwa na nyanya hao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nyanya tunao. Na ugonjwa wa mawazo mengi tunaujua vizuri.

Napendekeza haya:

a) Kila kituo cha afya kichague wahudumu wawili, mwanamke mmoja awemo, wafundishwe zoezi hili kwa vitendo.
b) Duara moja la wagonjwa na walinzi wao lifanyike kila wiki, kwa wiki 8, kanisani, msikitini au chini ya mwembe, mradi mahali pawe na faragha.
c) Kila mgonjwa awe na daftari: namba ya maumivu, saa alizolala, dawa alizopata. Mwezi ukiisha tutajua kama tunasaidia.
d) Viongozi wa dini watangaze waziwazi kwamba kansere si laana, na kwamba kwenda hospitali si kukosa imani.

9. Maswali ya majadiliano

Je, katika kanisa au msikiti wako, ni sala gani fupi inayoweza kusomwa kwa pumzi ndefu? Katika kijiji chako, ni nani aliye macho usiku huu kwa maumivu, na amepewa dawa gani? Mgonjwa wetu akikosa kufika Bukavu, ni nani atakayempigania?

10. Hitimisho

Kesho asubuhi, ndugu zangu, mtapita mlangoni kwa mgonjwa mmoja mnayemjua. Mtamwuliza, "Umelalaje?" Naomba safari hii msipite. Vuta kiti, keti, ngoja jibu la pili, lile linalokuja baada ya "vizuri". Hapo ndipo zoezi lote hili linapoanzia.